Kuweka sakafu mpya juu ya vigae vya asbesto bila kuviamsha

Ukipata kazi kwenye nyumba ya zamani, kama zile za Shanty Town hapa Moshi, ukifunua kapeti unaweza kukuta vigae vyembamba vigumu vya inchi 9 kwa 9, vimebandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Weka grinda chini kwanza. Vingi vya aina hiyo vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 vilichanganywa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na gundi yake pia mara nyingi huwa nayo. Jicho halitambui, ni maabara tu. Kama hakuna kipimo, mimi huhesabu ni asbesto.

Kigae kizima hakina neno. Ukikivunja, ukikipiga msasa au kukitoboa, nyuzi za asbesto hupaa ukazivuta, na saratani ya mapafu ikaja miaka 20 hadi 40 baadaye, kazi yenyewe umeshaisahau. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Kwa hiyo tunafunika.

Hatua ya 1: Kagua. Kama vigae vingi vimelegea au vinapukutika, acha. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa maalumu, na taka zake ni hatarishi, waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kikiwa kimelegea kimoja au viwili, lowesha kwa maji ya sabuni, inua kikiwa kizima, tia kwenye mifuko miwili mizito ya nailoni, funga na uandike kilichomo. Pengo lijaze simenti ya kusawazishia.

Hatua ya 2: Pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, kikae siku mbili. Ukikuta jasho chini yake, usifunike bado. Baada ya masika, mara nyingi mkosaji ni maji ya bati yanayomwagika msingini kwa kukosa mifereji.

Hatua ya 3: Safisha kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hapana, vakyumu ya nyumbani hapana. Skatingi ya zamani, ule ubao wa chini ya ukuta, usiing'oe, itabomoa kingo za vigae. Pasipo sawa, usisage kilima, jaza bonde.

Hatua ya 4: Tandika sakafu ya kuelea, ile ya mbao za lamineti zinazobana zenyewe, bila msumari wala gundi. Acha maboksi chumbani saa 48. Tandaza nailoni, kisha sponji nyembamba, kisha mbao. Acha nafasi ya milimita 10 ukutani, utaifunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye skatingi. Maungio ya mstari mmoja yapishane na ya mwingine kwa angalau sentimita 30.

Hatua ya 5: Milango. Itagusa sakafu. Kata mlango, tena nje.

Hapo ndipo nilipoteleza mwaka fulani. Nilimaliza vizuri, kesho yake seremala akaja na drili kuweka kizuizi cha mlango, akatoboa mpaka kwenye zege. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Tulilowesha lile vumbi, tukalifuta kwa vitambaa na kuvifunga mifukoni, na kizuizi kikahamia ukutani.

Siku hizi kabla sijachukua hela yangu ya mwisho, nabandika karatasi ndani ya mlango wa boksi la umeme: "Chini ya sakafu hii kuna vigae vya asbesto. Usitoboe."