Kabla hujanunua "nembo ya ukoo" ya Kiingereza

Shemeji yangu, mume wake Mwingereza aitwaye Smith, nusura alipie ngao ya ukutani yenye "nembo ya akina Smith". Usinunue. Uliza kwanza: nembo hii alipewa nani, mwaka gani? Uingereza nembo hupewa mtu mmoja na kurithiwa na wazao wake halali, kwa kawaida upande wa baba. Jina la ukoo peke yake halina nembo. Smith maana yake mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo akina Smith wengi hawana hata tone la damu moja.

Anza na wewe mwenyewe, rudi nyuma baba kwa baba: vyeti vya kuzaliwa vya serikali vinaanzia 1837, vitabu vya ubatizo vya parokia 1538 (vingi vya mwanzo vimepotea). Ukimfikia mtu aliyepewa nembo, ndipo uwaandikie College of Arms, London, ofisi rasmi inayotoa nembo na kutunza kumbukumbu zake, iliyoanzishwa 1484. Kuthibitishiwa kwa kawaida hulipiwa, ila afadhali hiyo kuliko kibao cha duka la watalii.

Kanuni hii usiipeleke Poland. Huko nembo moja, kama Jastrzębiec, ilitumiwa na familia nyingi zenye majina tofauti, kwa hiyo ngao kufanana si ushahidi wa undugu. Uskoti nako mtu wa kawaida wa ukoo huruhusiwa kuvaa beji ya chifu iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu. Beji tu, ngao yenyewe ni ya chifu.