Feni ya rejeta haizunguki? Anza na swichi ya AC

Gari likipandisha joto kwenye foleni lakini likishika barabara linatulia, mara nyingi ni feni. Kabla hujanunua mota, washa injini kisha washa AC. Kwenye magari mengi feni inatakiwa ianze kuzunguka baada ya muda mfupi. Ikizunguka, mota ni nzima. Anza kushuku sensa ya joto la maji au soketi yake iliyoota kutu.

Isipozunguka, fungua boksi la fyuzi. Fyuzi ni rahisi kuiona ikiungua. Rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni, ndiyo inayosumbua, maana kwa nje inaonekana nzima. Mara nyingi rilei ya honi inafanana nayo: ukikuta namba na miguu ni ileile, zibadilishane. Feni ikizunguka na honi ikanyamaza, umeshampata mchawi.

Bado kimya? Zima gari, chomoa soketi ya feni, upelekee mota umeme wa volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri, kwa waya mnene wenye fyuzi. Isipoitika, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimeisha, na fundi umeme wengi wanaweza kuzibadilisha bila wewe kununua mota nzima.

Mikono kaa nayo mbali na mapanga, feni nyingine hujiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Na mfuniko wa rejeta usiuguse rejeta ikiwa bado ya moto, nimeshaona mtu akiungua kifua.