Kuanza kliniki ya ujauzito Dar es Salaam ukiwa mgeni: tangulia kwa mjumbe

Kama umekuja Dar kwa miezi michache, una mimba, na mwenza wako amebaki kwenu, usianzie zahanati. Anzia kwa mjumbe wa nyumba kumi, yule kiongozi wa karibu kabisa mtaani. Mimi nilianzia zahanati, nikapoteza wiki tatu.

Nilitoka Nairobi mimba ikiwa na wiki 19, kwa kazi ya muda, nikafikia kwa shangazi yangu Temeke. Siku ya pili, saa moja asubuhi, nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi na kitabu changu cha kliniki cha Kenya mapajani. Zamu yangu ilipofika nesi akauliza, "Baba yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko Nairobi, dada." Akakifunga kitabu, akanirudishia. "Hudhurio la kwanza mnakuja wawili, mnapimwa pamoja. Kama hayupo, lete barua ya serikali ya mtaa."

Kupima wenza pamoja ni jambo jema. VVU na kaswende vikijulikana mapema kwa wote wawili, mtoto hukingwa. Lakini mama kurudishwa bila kupimwa hata damu kwa kukosa karatasi, hapana, hilo sikubaliani nalo kabisa. Vituo vingine humpokea mama peke yake bila neno. Huwezi kujua chako kikoje mpaka ufike, kwa hiyo nenda na barua mkononi.

Barua yenyewe inapatikana hivi. Nenda kwa mjumbe ukiwa na mwenyeji wako, si peke yako. Mimi nilikwenda peke yangu, mjumbe akaniambia hawezi kumwandikia mtu asiyemfahamu. Jioni ile shangazi naye alirudi kutoka kazini amechoka, ikabidi tusubiri Jumamosi. Mjumbe akishakutambua, anakuandikia kikaratasi cha kupeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Huko beba pasipoti, nakala ya ukurasa wa picha na nakala ya ukurasa wenye muhuri wa kuingia nchini, maana wataangalia siku zako. Omba barua itaje mambo matatu: kwamba unaishi mtaa huo kwa muda, mwenyeji wako ni nani, na kwamba mwenza wako yuko nje ya nchi. Yangu ya kwanza ilisema tu "ni mkazi wa mtaa huu". Zahanati wakaikataa. Niliporudi ofisini, mwenyekiti alikuwa amesafiri na muhuri alikuwa nao yeye. Zikapita siku tisa. Basi isome barua yako pale pale mezani, neno kwa neno, na usiondoke kabla hujaona muhuri, sahihi na tarehe. Ukiambiwa ulipe chochote, omba risiti.

Nilipoandikishwa mimba ilikuwa na wiki 22. Nesi wa siku hiyo, mama mtu mzima, alinivuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole gumba, akatazama, akanyamaza, kisha akanitoboa kidole. Wingi wa damu ulikuwa 9.1. Nairobi ilikuwa 11.4. Mjamzito akishuka chini ya 11 anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Vidonge vyangu vya kuongeza damu viliisha wiki ile ile niliyorudishwa, nami nikakaa nikisubiri vya kliniki. Wewe toka kwenu na vidonge vya miezi miwili, na vikiisha nunua duka la dawa. Usisubiri barua ya mtu yeyote.

Kuna SP pia, na hapa nawasemesha hasa watu wa Nairobi. Kenya dawa hii ya kuzuia malaria hutolewa kwa wajawazito wa Pwani na wa ukanda wa Ziwa, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kupewa. Dar kuna malaria. Unapewa vidonge vitatu kwa mpigo, unavimeza mbele ya nesi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, na kila dozi iachane na nyingine angalau mwezi mmoja. Inatakiwa ufikishe dozi tatu au zaidi, ndiyo maana kuchelewa kuanza kunauma. Kama unatumia Septrin kila siku, sema, kwa sababu hazitumiwi pamoja. Kama asidi ya foliki unayomeza ni ile ya miligramu 5, sema pia, hupunguza nguvu ya SP. Ulizia na chandarua chenye dawa.

Utapewa kadi ya Tanzania. Mwombe nesi anakili kutoka kitabu chako tarehe ya hedhi ya mwisho, majibu ya altrasaundi ya kwanza na kundi la damu. Altrasaundi ya mapema ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri zaidi, usiiache nyumbani. Mwenye kundi la damu hasi aulize mapema ni wapi atapata sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wa mama kushambulia damu ya mtoto, kwa sababu huchomwa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya.

Malipo: uliza dirishani kabla ya kupimwa, ukijitambulisha kuwa ni mgeni. Vituo vya serikali hulipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya bili unayoweza kuilipia kwa simu, hivyo sajili laini ya hapa kwa pasipoti siku ya kwanza.

Haya yote hayakuhusu ukitokwa na damu au maji, kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukipata degedege au mtoto akiacha kucheza. Hapo nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa iliyo karibu, Temeke, Amana au Mwananyamala, saa yoyote, bila barua.

Kurudi kwenu, panga mapema. Kuanzia wiki ya 28 mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari, na kuanzia wiki ya 36 mengi hayakupandishi. Hudhurio la mwisho, mwombe nesi aandike kwenye kitabu chako cha nyumbani tarehe za SP, sindano za pepopunda na wingi wa damu. Wangu, siku naondoka wiki ya 33, ulikuwa 10.8.