Kupanga kona ya kuchezea ya mtoto wa mwaka 1 hadi 4 nyumbani, kwa nyumba zetu za Mafinga na baridi yake

Kamwene. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu kupanga mahali pa kuchezea wanawe wawili: mmoja anatambaa na kujaribu kusimama, mwingine ana miaka mitatu. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, na wazazi huniuliza mara kwa mara wanunue midoli gani. Nawaambia waanze na mahali, midoli itafuata. Mtoto anayeambiwa "acha", "toka hapo", "utaungua" mchana kutwa hapati nafasi ya kujifunza kitu. Ondoa kinachounguza, kinachokaba na chenye sumu, halafu mwache achunguze.

Hatua ya 1: Chagua kona

Iwe sehemu unayoiona ukiwa kwenye shughuli zako. Tandika mkeka, juu yake blanketi kuukuu, kwa sababu sakafu ya saruji huku ni baridi.

Hatua ya 2: Tambaa chumba kizima

Piga magoti utambae, macho yakiwa usawa wa macho ya mtoto. Kwa jirani yangu tuliona sindano chini ya kochi, waya wa chaja unaoning'inia, kitambaa cha meza ambacho mtoto angekivuta angeshuka nacho na chupa ya chai, na nyuma ya mlango chupa ya soda yenye dawa ya viazi iliyobaki shambani. Kitambaa tulikitoa kabisa. Dawa za shamba na mafuta ya taa viwekwe kwenye sanduku la kufuli, na visihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto anaijua chupa ile kama ya kinywaji. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, maana yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Ndoo za maji zifunikwe au ziwekwe juu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akichungulia ndoo na kutumbukia, hawezi kujitoa, na maji ya sentimita tano tu yanatosha kumzamisha.

Hatua ya 3: Jiko, hasa Juni na Julai

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tulipokwama. Miezi mingine jiko la mkaa linakaa nje au bandani. Baridi ikiingia linahamia sebuleni, watu wanapika na kuota moto hapo hapo, na mtoto aliyezoea kupita sehemu hiyo anakuta moto njiani.

Kabla ya kuungua kuna hewa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Wengi huamini mkaa ukishakolea na moshi ukaisha basi jiko ni salama. Si kweli, gesi hiyo inaendelea kutoka. Likiingia ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala, hata kama limebaki makaa mekundu tu. Ukiwa na kichanga, mwongezee nguo: kofia, soksi na sweta la pili. Usimwachie jiko chumbani usiku.

Sasa moto wenyewe. Jirani yangu alikuwa amegongelea fito nyembamba akapata uzio, akauzungushia jiko. Tuliujaribu jiko likiwa baridi. Yule anayejifunza kusimama aliushika ajivute, ukalala juu ya jiko. Tukaufunga kamba kwenye mguu wa meza, meza ikasogea. Tukaubana kwa matofali, akaanza kuyachezea matofali. Mchana wote uliishia hapo. Kitu chochote kilichosimama peke yake karibu na mtoto wa umri huo ni ngazi au ni fimbo ya kujishikiza, kwa hiyo msimamo wangu sasa ni mmoja: uzio ushikwe na ukuta au na fremu ya mlango.

Kama una chumba cha kupikia, weka geti dogo mlangoni. Tumia mbao za mpaini zilizosimama wima, zisiwe za kulala, kwa kuwa za kulala atazipanda. Nafasi kati ya mbao na mbao isizidi sentimita 9, kichwa kisije kikapita kikakwama. Kimo kifike kiunoni mwako. Bawaba mbili, na komeo liwe upande wa jikoni, chini, asikoweza kufika. Geti letu tulilitengeneza kwa mabaki ya mbao, na gharama kubwa ikawa bawaba.

Kama unapanga chumba kimoja, geuza mpango: mzungushie mtoto. Kona ya kuta mbili, pande mbili zilizobaki ziwe za mbao zilizofungwa kwenye kuta kwa skrubu. Mtoto yuko ndani na blanketi lake, jiko liko mbali, karibu na mlango ili hewa ipite, lakini lisizibe njia ya kutokea. Hakikisha kati ya jiko na uzio kuna angalau mita moja na nusu, na sufuria isiwe na mpini unaoelekea huko. Watoto watatu wakiwa humo hapatoshi, hapo jiko lirudi nje hata kama kuna baridi.

Kuna njia nyingine ya kupunguza haja ya jiko. Mchezo mkubwa wa siku uwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, nje, kwenye jua. Mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini ndio unaopata joto. Peleka mkeka hapo.

Maji ya kuoga nayo huunguza watoto wengi. Kwenye beseni anza na maji baridi, ndipo uongeze ya moto. Ukianza na ya moto ukaondoka kufuata baridi, mtoto anaweza kuingia kabla hujarudi. Akiungua, weka sehemu iliyoungua kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mwili uliobaki ufunikwe blanketi, asije akapata baridi kali. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Kidonda kikiwa usoni, mikononi, sehemu za siri, au kikubwa kuliko kiganja chake, nenda kituo cha afya.

Hatua ya 4: Vifaa

Huku tumezungukwa na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill na mashine za kupasulia mbao, sioni sababu ya kununua midoli ya plastiki inayovunjika siku ya pili ikaacha ncha kali. Omba vipande vya mbao vilivyobaki, vikate kwa msumeno saizi tofauti, piga msasa namba 80 kisha 120 hadi mkono wako upite bila kuchomwa. Usivipake rangi. Usichukue mabaki ya nguzo za umeme wala mbao zenye rangi ya kijani, hizo zimetiwa dawa.

Ongeza magunzi ya mahindi, vikombe vya plastiki, vijiko vya mbao, vitambaa, boksi kubwa, mpira wa matambara. Mwanzi nao ni mzuri, lakini ukipasuka hutoa vibanzi vinavyoingia kwenye ngozi, mimi naupitisha kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea tu.

Mdoli unaowaka taa na kuimba, angalia betri kwanza. Zile betri ndogo za duara zikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kama kifuniko chake hakina skrubu, usiuingize nyumbani.

Hatua ya 5: Pima kila kitu

Chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitatu: vizibo vya soda, goroli, sarafu, maharage, karanga. Kaka yake akitaka vizibo, achezee mezani wakati mdogo amelala.

Akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi mkononi mwako kichwa kikiwa chini (aliye mkubwa mwinamishe mbele), mpige mgongoni mara tano katikati ya mabega. Aliye chini ya mwaka mmoja, mgeuze kisha mkandamize katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka, simama nyuma yake umbane juu ya kitovu mara tano. Rudia hadi kitoke, huku mwingine akiita msaada. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona.

Hatua ya 6: Cheza naye

Kaa chini. Anayetambaa mfichie kikombe chini ya kitambaa. Wa miaka miwili ajenge mnara na kuubomoa, nawe ukitaja kubwa, ndogo, juu, chini. Wa miaka mitatu apange magunzi kuanzia refu hadi fupi, ayahesabu, amimine maji kutoka kikombe hadi kikombe kwenye beseni, nawe ukae naye hadi maji yamwagwe. Bibi akiwepo azungumze naye Kihehe, mtoto anaweza kubeba lugha mbili bila shida. Wa miaka minne yuko tayari kwa kombolela.

Simu isiwe mlezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huo huo unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wawe wakijongea kwa dakika 180 kwa siku.

Hatua ya 7: Nani anaangalia

Dada wa miaka saba acheze naye, lakini asiachiwe kumlinda. Ukienda kisimani au sokoni, mtaje mtu mzima mmoja kwa jina, naye aitikie. Mkiwa watu wazima wanne sebuleni na hakuna aliyetajwa, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Ukiona mtoto wa jirani anaumizwa au ameachwa peke yake, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, kuipiga ni bure.

Kila Jumamosi toa vifaa vyote, pitisha kiganja kutafuta vibanzi, kaza skrubu za geti, na ficha nusu ya vifaa hadi wiki inayofuata.