Kupima na kuongeza mwendo wa mbio katika mji wa milima kama Bukavu

Mwendo wa mkimbiaji huhesabiwa kwa dakika anazotumia kumaliza kilomita moja. Kilomita 5 kwa dakika 31 ni mwendo wa 6:12. Hapa wengi hukosea: simu ikigawa 31 kwa 5 inaonyesha 6.2, nao wanasoma dakika 6 na sekunde 20. Ile .2 ni sehemu ya dakika. Izidishe kwa 60, utapata sekunde 12.

Bukavu kinachovuruga hesabu ni mlima. Anayepanda mtaa wa Kadutu kwa 7:30 huenda anatoka jasho kuliko anayekwenda 6:00 penye tambarare, na mteremko wa kurudi haulipi dakika zote zilizopotea, maana miguu inashughulika kujizuia. Basi pimia mwendo wako kwenye uwanja wa mpira. Uwanja wenyewe upime kwanza kwa mita ya fundi, usikisie: viwanja vingi vya shule ni vidogo. Wenye mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, na mizunguko 9 ni mita 3,114.

Pasha mwili moto kwa dakika 15, kisha kimbia hiyo mizunguko 9 kwa nguvu utakayoishika mpaka mwisho. Tuseme umemaliza kwa 17:08, yaani sekunde 1,028. Gawa kwa 3.114, upate 330: mwendo wako ni 5:30. Mwenzako aandike muda wa kila mzunguko. Wa kwanza ukiwa 1:42 na wa nane 2:05, ulianza kwa pupa; basi pumzika siku tatu au nne, urudie.

Mwenye 5:30 akimbie siku nyingi kati ya 6:30 na 7:00, akiweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini anayejikaza kila siku hufika siku ya kazi ngumu miguu imekufa. Mlimani achana na saa, fuata pumzi.

Siku moja kwa wiki fanya kazi ya kasi: mzunguko mmoja kwa 1:47 (kwa mwenye 5:30), tembea sekunde 90, mara 6. Wa mwisho ukizidi wa kwanza kwa zaidi ya sekunde 5, wiki ijayo punguza kasi. Wiki nyingine badilisha: panda mlima kwa sekunde 40 mara 6, ukishuka kwa kutembea. Usirefushe hatua ili uongeze kasi. Mguu ukitua mbele ya goti unakufunga breki.

Ziwa Kivu, lililo kando ya Bukavu, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo mgeni kutoka Kinshasa asipime wiki za kwanza. Wengine warudie kipimo baada ya wiki 6, uwanja uleule, saa ileile, siku ambayo haina tope.