Mbwa wa Parseli Anaponenepa: Namna ya Kumtambua na Kumpunguza Uzito

Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi za Goma mbwa hulishwa na mikono mingi: mama humwekea bugali uliobaki, watoto humtupia vichwa vya samaki, na zamu, yaani mlinzi, humgawia mkate usiku ili wakeshe pamoja. Kwa kuwa hakuna ajuaye wenzake wametoa kiasi gani, mbwa hunenepa na wote wakaona kwamba anatunzwa vizuri.

Usimpime kwa macho, maana manyoya hudanganya. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu za mbwa mwenye uzito unaofaa huhisika kama mifupa iliyo upande wa nyuma wa kiganja kilichonyooshwa. Zikichomoza kama vifundo vya ngumi, amekonda. Na ikikubidi ubonyeze ndipo uzipate, amenenepa. Kisha mtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu kiuno kinapaswa kubonyea. Tumbo lililovimba huku mbavu zikionekana si unene. Kwa watoto wa mbwa mara nyingi ni minyoo, na kuwanyima chakula ni kuwaongezea ugonjwa.

Ili kujua kilo zake, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Lengo ni apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 300 hadi 600 kwa mbwa wa kilo 30.

Ateuliwe mtu mmoja wa kumlisha, kwa kikombe kilekile kila siku. Punguzeni bugali kwanza, wala si samaki, kwa kuwa misuli yake inahitaji protini. Mchuzi wenye vitunguu asipewe kabisa, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Zamu naye asikatazwe (mtamkataza mchana, usiku atampa). Kipande chake kitolewe katika fungu lililokwisha kupimwa.

Mtembezeni asubuhi kwa dakika 15 mwanzoni, mkiepuka mawe makali ya volkano yanayokwaruza nyayo. Akikaa mwezi mzima bila kupungua ingawa mmepima kwa uaminifu, mwoneni daktari wa mifugo.

Paka hupunguzwa polepole zaidi, na kamwe asishindishwe njaa, kwa sababu mafuta yanaweza kujaa katika ini lake. Paka mnene akikataa chakula siku mbili, apelekwe kwa daktari, hata kama mlikuwa mmeanza kufurahi kwamba hatimaye anapungua.