Kubadili DB ya nyumbani (sanduku la breka): anza na waya na ethi

Korosho zikishauzwa, kuanzia Oktoba hivi, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huongezewa friza ya samaki, kiyoyozi au hita ya kuogea. Waya wa ukutani unabaki ule ule wa siku nyumba ilipofungwa taa nne na soketi tatu. Breka inaanza kukata kila jioni, fundi anaitwa "aongeze breka": ya ampea 20 inatolewa, ya 40 inapachikwa. Kweli haikati tena. Haikati kwa sababu waya wa milimita mraba 2.5 sasa unaweza kuungua kabla breka haijashtuka. Breka imewekwa kulinda waya, kwa hiyo ukubwa wake unafuata waya, haufuati hamu ya mwenye nyumba.

Kabla ya kununua chochote, andika wati za kila kifaa. Tuseme hita ya kuogea 5,000, viyoyozi viwili 2,400, birika 2,000, pasi 1,200, pampu 750, friji na friza 400, taa na TV 300. Jumla ni wati 12,050. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 52 na ushee. Si rahisi vyote viwake kwa wakati mmoja, lakini jioni hita, birika na kiyoyozi hukutana. Sasa soma uso wa mita ya LUKU: ikiandikwa 5(60)A, hiyo 60 iliyo ndani ya mabano ndiyo kikomo. Mahitaji yako yakikaribia hapo, DB kubwa haitakusaidia. Peleka maombi TANESCO ya umeme wa njia tatu (fezi tatu). Mita yenyewe na waya zote hadi nguzoni ni za TANESCO, na lakiri haikatwi na fundi yeyote wa mtaani, hata akisema ana mtu wake ofisini. Kazi ya ndani mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Maelezo haya yatakusaidia kumsimamia na kujua anachokifanya.

Kwa nyumba ya mfano wetu nunua DB ya nafasi 12, hata kama leo utatumia nane. Meni swichi (swichi kuu) iwe ya ampea 63 inayokata waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, na waya wa kutoka mita hadi DB uwe wa shaba wa 16. Taa: waya wa 1.5, breka ya 6 au 10. Soketi: 2.5, breka ya 20. Hita ya wati 5,000: waya wa 6, breka ya 25. Waya wa 4 unaonekana kutosha kwenye majedwali, lakini ukipita darini chini ya bati la Lindi saa nane mchana, uwezo wake unashuka sana. Pampu na kiyoyozi, kila kimoja na breka yake ya 16 yenye herufi C, maana mota huvuta umeme mwingi inapoanza na breka ya B hukata bure. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Shangani au Mikindani, DB ya plastiki nzuri isiyoshika moto ni bora kuliko ya bati. Chumvi ya upepo haiachi bati salama. Usiifunge barazani, bafuni wala juu ya jiko.

Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo sehemu inayofanyiwa uhuni zaidi, kwa sababu haionekani. Wengine hupigilia kipande cha nondo nusu mita. Nondo hupata kutu, na mchanga wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri. Tumia fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, mita 1.2 au 1.5, izame yote, na waya wa kijani-njano wa 16 ufungwe kwa klampu ya shaba ndani ya kishimo chenye mfuniko ili ukaguliwe. Pima kwa kipima ethi mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua. Kipimo cha Februari kinadanganya. Chini ya ohm 100 panafaa. Ikizidi 200, ongeza fimbo ya pili mita tatu kutoka ya kwanza na uziunganishe. Kumwaga chumvi shimoni kunashusha kipimo kwa muda, mvua inaisomba, na fimbo inaliwa.

Hata fimbo nzuri ya ohm 20 haitoshi peke yake. Volti 230 kwa ohm 20 ni ampea 11.5: mwili wa friji unaweza kuwa na umeme na breka ya 20 isikate kabisa. Ndiyo maana RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, si anasa. Ukiweza, friza ipe RCBO yake, yaani breka yenye RCD ndani, la sivyo hitilafu ya hita usiku itazima kila kitu na samaki wa wiki nzima wataoza.

Siku ya kazi, kumbuka kwamba meni swichi ikizimwa, waya zinazotoka kwenye mita bado zina umeme hadi kwenye skrubu zake za juu. Kama hakuna swichi ya kutenga kati ya mita na DB, TANESCO waje wakate kwanza. Kisha fungeni swichi hiyo, itasaidia miaka ijayo. Kabla ya kugusa, jaribu multimita mahali penye umeme, pima DB, halafu rudi uijaribu tena pale pale. Tesita ya bisibisi isitegemewe. Nyumba yenye jenereta au sola, zima na tenga navyo.

Piga picha DB ya zamani, weka alama kila waya kabla ya kuutoa. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya kahawia na bluu. Makosa matatu hurudi sana hapa. La kwanza, ulimi wa basibaa (kipande cha shaba kinachogawa umeme kwa breka) kukaa nyuma ya kibano cha breka badala ya ndani yake: skrubu inakaza, breka inafanya kazi, lakini mguso ni hafifu na plastiki inayeyuka taratibu. La pili, nyutro za RCD mbili kuchanganywa, RCD ikakata mara tu taa inapowashwa. La tatu, matundu ya paipu kuachwa wazi. Mjusi akiingia akagusa moto na nyutro, amekwisha yeye na breka. Ziba kwa gilandi (kizibo cha tundu la waya).

Kabla ya kuwasha, chomoa vifaa vyote, pima kwa megga (kipima insulesheni ya waya) ya volti 500 kati ya nyaya za moto na nyutro kwa upande mmoja na ethi kwa upande wa pili. Chini ya megaohm 1, tafuta unyevu au waya uliotoboka. Baada ya masika mara nyingi ni boksi la soketi ya nje. Washa saketi moja moja, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, ikigoma ibadilishwe siku hiyo hiyo. Jenereta iunganishwe kwa chenjiova tu, swichi ya kuchagua jenereta au TANESCO. Kebo yenye plagi dume pande zote mbili hurudisha umeme nguzoni kwa fundi anayeamini laini imekufa.

Baada ya mwezi mmoja, zima kwenye swichi ya kutenga, pima, kaza tena skrubu zote ukianza na za nyutro. Ukikuta waya umebadilika rangi karibu na skrubu, kata kipande hicho, chuna upya, kisha ukaze.